Kupima relei za betri kubwa kwenye gari la haibridi: skana, mita, osiloskopu au kubadilisha kifaa?

Gari la haibridi linapokataa kuingia katika hali ya READY (tayari kuendeshwa), na skana ikatoa msimbo unaotaja relei za betri kubwa, yaani swichi zinazounga na kukata umeme wake, fundi huwa na njia nne mbele yake: kusoma takwimu za skana kwa undani, kupima waya na koili (sumaku-umeme inayovuta relei) kwa mita, kuchunguza mwenendo wa umeme kwa osiloskopu, au kubadilisha relei aone kama tatizo litakwisha. Njia hizi hazilingani kwa hatari, kwa muda zinaochukua, wala kwa kile zinachoweza kuthibitisha. Msimamo wangu ni kwamba aina ya msimbo ndiyo inayoamua kipimo cha kuanza nacho, na kwamba betri isifunguliwe kabla vipimo vyote vinavyowezekana nje yake havijamalizika. Mwenye gari anayetaka kujua fundi afanye nini kwanza atapata humu vigezo vya kuuliza, na fundi atapata sababu za kuchagua njia moja badala ya nyingine.

Kazi ya relei tatu

Mifumo mingi ina relei tatu. Moja hukata na kuunga upande chanya wa betri, moja upande hasi, na ya tatu ni relei ya kuchaji awali, ambayo hupitisha umeme kwenye rezista kabla relei kubwa haijashika. Toyota Prius ya kizazi cha tatu huziita SMRB, SMRG na SMRP, na ile ya kizazi cha pili iliziita SMR1, SMR2 na SMR3. Vizazi vyote viwili hutumia betri ya volti 201.6. Dereva akibonyeza kitufe cha kuwasha, relei ya upande mmoja hushika, ile ya kuchaji awali hufuata, kapasita za inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa mota) hujaa taratibu kupitia rezista, kisha relei kubwa iliyobaki hushika na ile ya kuchaji awali huachia.

Mpangilio huo una sababu nzito. Kapasita tupu hupokea umeme kama waya uliopigwa shoti, kwa hiyo ukigawa volti 200 kwa ukinzani wa jumla wa saketi, tuseme omu 0.2, unapata mkondo wa ampea 1,000 unaopita kwenye ncha za relei (sehemu zinazogusana) kwa muda mfupi mno. Mkondo wa namna hiyo huyeyusha uso wa ncha na kuziunganisha, na hapo ndipo relei huganda. Vivyo hivyo wakati wa kuachia: umeme wa betri haupiti kwenye sifuri mara kwa mara kama umeme wa mkondo geu, hivyo cheche ikishawaka kati ya ncha haizimiki yenyewe kwa urahisi. Ndiyo maana relei nyingi za aina hii zina sumaku ndogo za kuisukuma cheche nje, na baadhi hufungwa kabisa zikiwa zimejazwa gesi.

Soma familia ya msimbo kabla ya kuchagua chombo

Misimbo ya relei iko katika makundi ambayo hayapaswi kuchanganywa. P0AA1 na P0AA4 husema kwamba relei ya upande chanya au ya upande hasi imeganda, yaani haiachii. P0AA2 na P0AA5 husema kinyume chake: relei haishiki. P0AE2 inahusu relei ya kuchaji awali iliyoganda. Kundi jingine, lenye misimbo kama P0AD9, P0ADB na P0ADC kwa upande chanya, P0ADD, P0ADF na P0AE0 kwa upande hasi, na P0AE4, P0AE6 na P0AE7 kwa relei ya kuchaji awali, halizungumzii ncha za umeme mkubwa hata kidogo. Linazungumzia waya za volti 12 zinazoamrisha koili.

Tofauti hii ndiyo mzizi wa uchaguzi wote. Fundi anayefungua betri kwa sababu ya P0ADB ameingia kwenye hatari ya umeme mkubwa kutafuta kosa ambalo huenda liko kwenye plagi ndogo chini ya zulia. Anayepima waya za volti 12 kwa P0AA1 naye anapoteza muda, kwa kuwa kompyuta imeshaona volti kubwa mahali ambapo hazikutakiwa kuwapo. Misimbo ya kuvuja kwa umeme, P0AA6, na ya mnyororo wa usalama (saketi inayothibitisha kwamba plagi za umeme mkubwa zimefungwa), P0A0D, mara nyingi hujitokeza pamoja na ya relei, na hupaswa kushughulikiwa kwanza. Mpini wa plagi ya usalama, ile inayoikata betri kubwa wakati wa matengenezo, usiporudishwa hadi hatua yake ya mwisho, kwa mfano, gari litakataa kuwaka ilhali relei zote ni nzima.

Skana: njia ya kwanza, yenye upofu wake

Ubora mkubwa wa skana ni kwamba gari lenyewe limeshaweka vipima volti pande zote mbili za relei. Kwenye Toyota na Lexus utaona VB, ambayo ni volti ya betri. VL, ambayo ni volti inayofika kwenye inveta kabla ya kupandishwa. Na VH, baada ya kupandishwa. Ukizipanga namba hizi tatu kwenye ukurasa mmoja na kuzirekodi tangu kitufe kinapobonyezwa hadi gari linapozimwa, utakuwa umepima relei bila kugusa waya wowote wa rangi ya chungwa, yaani wa umeme mkubwa.

Tuseme VB inasoma volti 205. Iwapo VL inabaki karibu na sifuri baada ya amri ya kuwasha, njia imekatika: relei haijashika, rezista imeungua, fyuzi kubwa imekatika au plagi ya usalama haijaunga. Iwapo VL inakaribia 205 kabla relei zote hazijaamrishwa, au inabaki juu baada ya gari kuzimwa na muda wa kapasita kumwaga umeme kupita, basi kuna relei zilizoganda. Hali ya tatu ndiyo inayopotosha watu wengi: VL inapanda, inafika volti 155 hivi, inasimama, kisha mfumo unajikata. Hapo relei zimefanya kazi yake, na kuna kitu mbele kinachokula umeme. Kwa rezista ya omu 20, tofauti ya volti 50 maana yake ni mkondo wa ampea 2.5, kwa hiyo kitu hicho kina ukinzani wa omu 60 hivi, na rezista inachemka kwa wati 125. Kompresa ya kiyoyozi, kibadilishi cha volti 12 na inveta ndivyo vya kuchunguzwa. Fundi akiendelea kufuta msimbo na kubonyeza kitufe, ataiunguza rezista na kulipatia gari hitilafu ya pili ambayo halikuja nayo.

Kufuta msimbo mapema kuna madhara mengine: kunafuta kumbukumbu ya tukio, yaani namba zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea. Humo kuna volti, joto na hali ya amri za relei, na kwa hitilafu inayokuja na kuondoka hicho ndicho kielelezo pekee ulicho nacho. Inakiliwe kabla ya jambo jingine lolote.

Skana ina upofu wa aina mbili. Kwanza, ni ya polepole. Kwa rezista ya omu 20 na kapasita za jumla ya mikrofaradi 1,000, kuchaji hadi asilimia 99 huchukua takribani sekunde 0.1, na skana nyingi hazionyeshi namba mpya kwa kasi ya kutosha kuliona tukio hilo. Pili, vipima volti vya gari huachana kwa volti kadhaa hata mfumo ukiwa mzima, kwa hiyo ncha zilizochakaa zinazopoteza volti moja hazitaonekana kabisa. Skana ya bei nafuu inayosoma misimbo ya injini pekee haimo katika ulinganisho huu. Bila takwimu za betri na misimbo midogo ya mtengenezaji (namba za ziada zinazofafanua msimbo) haitoshi kwa kazi hii.

Mita: bora kwa upande wa volti 12, dhaifu kwenye ncha

Kwa misimbo ya waya za kuamrisha, mita ya kawaida inaizidi skana. Anza na betri ya volti 12, kwa sababu kompyuta haiwezi kuzivuta relei bila umeme wa kutosha. Relei nyingi za aina hii zimetengenezwa ili zishike hata umeme ukishuka hadi karibu volti 9, lakini kipimo hicho ni cha koili ikiwa baridi, na betri ndogo iliyochoka, soketi yenye kutu na waya wa bodi uliolegea vinaweza kwa pamoja kuishusha volti chini ya hapo kwenye koili yenyewe. Kwa hiyo pima volti kwenye plagi ya relei wakati wa amri, usitosheke na volti za betri.

Ukinzani wa koili hupimwa plagi ikiwa imetolewa, na hulinganishwa na kitabu cha gari husika au na relei mwenzake ya aina ileile. Angalia na joto. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, kwa hiyo koili ya omu 30 kwenye nyuzi 20 inakuwa na omu 37 kwenye nyuzi 80, na mkondo wake kwa volti 12 unashuka kutoka ampea 0.4 hadi 0.32. Gari linalowaka asubuhi na kugoma baada ya kuegeshwa juani linaweza kuwa na tatizo la namna hii, na mita iliyotumika asubuhi haitasema lolote. Kumbuka pia kwamba baadhi ya relei zina saketi ndogo ya elektroniki ndani ya koili ya kupunguza mkondo baada ya kushika. Kuzipima kwa omu huleta namba isiyo na maana.

Kabla ya kutafsiri msimbo unaosema volti ya amri iko chini au juu, fungua mchoro wa umeme uone kama kompyuta inapeleka chanya kwenye koili au inavuta upande wa bodi. Waya uleule uliokatika huweza kuonekana kama volti ya chini katika mpangilio mmoja na volti ya juu katika mwingine.

Kwenye ncha zenyewe mita hiyohiyo inapoteza heshima yake. Inaweza kuthibitisha kwamba relei imeganda: gari likiwa limezimwa na nyaya kubwa zimetenganishwa, ncha zinapaswa kusoma kuwa wazi kabisa, na zikisoma karibu sifuri jibu limepatikana. Kipimo hiki kifanyike relei ikiwa bado mahali pake, kwa sababu ncha zilizoganda kidogo huachana kwa mtikiso wa kufungua boliti, na kwenye meza ya kazi relei hiyohiyo itaonekana nzima. Lakini mita haiwezi kupima uchakavu. Ncha ya miliomu 1 inayopitisha ampea 100 hutoa joto la wati 10. Ikichakaa hadi miliomu 10, joto linafika wati 100, na plastiki inayoizunguka huanza kubadilika rangi. Nyaya za mita peke yake zina ukinzani unaozidi tofauti hiyo mara nyingi. Njia sahihi ni kuitoa relei, kuishikisha kwa volti 12, kupitisha mkondo unaojulikana, kwa mfano ampea 10, kisha kusoma milivolti kwenye ncha: milivolti 10 ni miliomu 1.

Osiloskopu: chombo ninachokitetea zaidi

Wengi huiona osiloskopu kuwa anasa. Kwa relei zinazogoma mara mojamoja, mimi naiweka juu ya mita, kwa sababu inaonyesha tendo la kushika lenyewe, tena kwa kubana waya wa volti 12 tu. Unahitaji kishikio cha mkondo kinachoweza kusoma sehemu ndogo za ampea. Bana waya mmoja wa koili, kisha washa gari. Kwenye relei nzima isiyo na elektroniki ndani, mkondo hupanda kwa mpindo laini, halafu hubonyea ghafla kidogo, kama alama ya kidole kwenye udongo mbichi, kisha huendelea kupanda hadi unapotulia. Bonyeo hilo ni chuma cha relei kikisogea na kufika mwisho wa mwendo wake; mwendo wake huzalisha umeme unaopingana na mkondo kwa muda mfupi.

Bonyeo likikosekana, chuma hakikusogea. Inawezekana kimekwama, au ncha zimeganda na chuma kilikuwa tayari kimefika, na VL ya skana itatofautisha hali hizi mbili mara moja. Bonyeo likichelewa kadiri joto linavyoongezeka, relei inachoka. Mkondo ukipanda na kuanguka kabla ya wakati, amri ya kompyuta ndiyo inayokatika. Hakuna chombo kingine katika vinne hivi kinachotoa majibu matatu kwa kubana waya mmoja, na hakuna plastiki ya betri iliyofunguliwa.

Kwa relei ya kuchaji awali osiloskopu ndiyo pekee inayofaa kweli, kwani inaweza kuchora sekunde ile 0.1 nzima. Kuipima volti kubwa yenyewe, hata hivyo, kunahitaji proba tofautishi iliyoidhinishwa kwa volti hizo. Proba ya kawaida, ambayo upande wake mmoja umeungwa na bodi ya chombo, isiguse kabisa mfumo huu. Asiyekuwa na proba hiyo atosheke na kubana waya za koili, ambako mpangilio wa relei tatu unaonekana vizuri vilevile.

Kubadilisha ili kuona

Njia hii ina mvuto kwa sababu relei mbili kubwa mara nyingi hufanana, na fundi huweza kuzibadilishana nafasi aone kama msimbo utahama. Kwenye boksi la fyuzi za taa ni njia nzuri. Ndani ya betri kubwa siipendekezi kuwa ya kwanza. Inalazimu kufungua betri mara mbili. Relei zenye sumaku za cheche huwa na upande wa chanya na hasi ambao ukigeuzwa hupunguza uwezo wake wa kukata mkondo. Na boliti isiyokazwa kwa kipimo hugeuka kuwa chanzo kipya cha joto. Zaidi ya yote, haielezi kwa nini relei iliganda. Kama kompresa ina shoti, relei mpya itaganda kama ya zamani.

Betri ikilazimika kufunguliwa

Skana na mita vikionyesha kwamba kosa limo ndani, usalama una sharti moja la ziada ambalo hitilafu nyingine hazina: relei iliyoganda inaweza kuacha nyaya za rangi ya chungwa na umeme hata gari likiwa limezimwa na betri ya volti 12 imetolewa. Zima gari, weka ufunguo mbali, tenganisha hasi ya betri ndogo, vaa glavu za umeme za volti 1,000 zilizokaguliwa kwa kujazwa hewa, toa plagi ya usalama na ukae nayo mwenyewe. Subiri muda uliotajwa na mtengenezaji, ambao kwa magari mengi ya Toyota ni dakika 10, kisha pima kwenye vituo vya inveta kwa mita ya daraja la CAT III volti 1,000, ukiijaribu mita kwenye chanzo kinachojulikana kabla na baada. Plagi ya usalama huigawa betri. Haiuui umeme ulio ndani ya vipande vyake, na kila kipande bado kinaweza kuwa na volti za kutosha kuua.

Kwa P0AA6, kipimo cha kihami huongezwa hapa. Misimbo midogo ya Toyota husaidia kuchagua eneo: 612 ni la betri pamoja na relei zake, 614 ni la umeme mkubwa wa mkondo mnyoofu (DC), 613 ni la gia na mota, na 611 ni la kiyoyozi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 100 hudai angalau omu 100 kwa kila volti kwenye saketi ya mkondo mnyoofu, yaani kama omu 20,000 kwa betri ya volti 201.6, ingawa mfumo usio na hitilafu husoma megaomu. Unyevu au majimaji ya seli yaliyofika kwenye bamba la relei hushusha kipimo hiki, na mara nyingi macho huyaona kabla ya chombo.

Relei moja au mkusanyiko mzima

Koili iliyokatika, huku ncha zikipima vizuri, inahalalisha kununua relei moja, ikiwa mtengenezaji anaiuza peke yake. Relei iliyoganda ni jambo tofauti. Hapo ningechagua mkusanyiko mzima wenye relei tatu, rezista na, kwa baadhi ya magari, sensa ya mkondo, kwa sababu tukio lililoyeyusha ncha moja limepita pia kwenye sehemu nyingine, na rezista iliyochemka inaweza kusoma omu sahihi leo na kukatika baadaye. Asiyeweza kumudu mkusanyiko mpya aipime angalau rezista, akague rangi ya plastiki, na apime milivolti za ncha za relei zinazobaki. Mkusanyiko uliotumika upimwe kwa njia hiyohiyo kabla haujafungwa, si baada ya kufungwa.

Kazi ikiisha, rekodi tena VB, VL na VH kwa mizunguko kadhaa ya kuwasha na kuzima, gari likiwa baridi na likiwa moto. Zingatia hasa sekunde chache baada ya kuzima, kwa kuwa hapo ndipo kompyuta hukagua kama kila relei imeachia, na msimbo wa kuganda unaweza kuzaliwa wakati ambapo dereva ameshashuka.